Patografu iliyonyooka mno

Usiku ule nilikuwa peke yangu leba, na akina mama watatu walikuwa na uchungu. Ilikuwa Julai. Aliyewahi kukesha kazini kwenye miteremko ya milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, mwezi huo anaijua baridi yake: ukungu unashuka mpaka dirishani, na maji ya kunawa yanauma vidole kama sindano. Mama wa tatu alijifungua saa kumi alfajiri, salama, mtoto wa kike. Saa kumi na moja niliketi mezani, nikavuta patografu yake, ile karatasi ya kufuatilia uchungu saa kwa saa, nikaijaza yote kwa mkupuo mmoja. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa: 136, 140, 138, 142. Njia ya uzazi imefunguka sentimita 4, kisha 8, kisha kamili. Nukta zikapanda zimenyooka kama safu za chai shambani.

Wiki mbili baadaye walikuja wasimamizi. Mmoja wao aliiinua karatasi ile mbele ya wenzangu akasema, "Hivi ndivyo patografu inavyotakiwa kujazwa." Watu wakapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu nilijua kwamba usiku mzima nilimsikiliza mtoto yule mara mbili tu.

Sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nalisema leo kwa sababu mabadiliko hospitalini hayaishi: mifumo ya kompyuta inakuja, miongozo mipya inakuja, fomu zinabadilishwa. Na kila matokeo yanapokuwa madogo kuliko yaliyotarajiwa, jibu huwa moja: watumishi hawapendi mabadiliko. Nimelisikia Mbeya, nimelisikia Njombe, nimelisikia Iringa kwenye ukumbi wa semina, likitamkwa na watu ninaowaheshimu. Silikubali.

Silikubali kwa sababu mimi niliyeidanganya karatasi ile nilikuwa naipenda patografu. Chuoni ndiyo iliyonivutia kuliko somo lolote. Nilijua kwamba mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliichora mistari yake miwili huku huku Afrika, katika mji unaoitwa leo Harare, ili mkunga aliye kwenye zahanati ya mbali ajue mapema mama yupi apelekwe hospitali kabla mambo hayajaharibika. Mstari wa tahadhari, na mstari wa hatua ulio mbele yake kwa saa nne. Iliundwa kwa ajili ya mtu kama mimi hasa, mahali kama pale hasa. Ubishi ungetoka wapi?

Baadaye nilikaa nikahesabu mkono wangu uliandika nini usiku ule. Jina la kila mama niliandika kwenye kadi yake, kwenye faili, kwenye patografu, kwenye kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa takwimu za afya wa serikali, kwenye daftari la ripoti ya zamu, kwenye daftari la dawa, kwenye daftari la mashuka, kwenye daftari jingine la waliojifungua, na mwisho kwenye kompyuta, umeme uliporudi. Mara tisa. Kwa akina mama watatu ni mara ishirini na saba, na bado sijakata kitovu cha mtoto, sijakagua kondo la nyuma, sijabadilisha shuka. Kila kimoja katika hivyo tisa kilipoletwa kilikuwa mabadiliko mazuri. Kila kimoja kililetwa na mtu mwenye nia njema. Tatizo ni kwamba kila kilipoingia kipya, hakuna cha zamani kilichoambiwa kitoke.

Chuoni tulifundishwa habari za Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1947 kwamba mabadiliko katika kundi la watu hupita hatua tatu, kama barafu: kuyeyusha, kusogeza, kugandisha tena. Tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini Lewin alisema jambo jingine ambalo wengi wetu tulilipita haraka, nami nililielewa nikiwa tayari kazini. Alisema hali ya kazi ilivyo leo imeshikiliwa na nguvu mbili, zinazoisukuma mbele na zinazoizuia. Unaweza kuongeza nguvu ya kusukuma, na kazi ikasogea, lakini watu watakuwa wamekazana, wamechoka, na mara mkono wa kusukuma ukilegea kila kitu kinarudi nyuma. Au unaweza kuondoa kinachozuia. Kazi itasogea vilevile, na watu watabaki na pumzi.

Aliyewahi kukwama na gari la wagonjwa kwenye matope ya Makete hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wanaume kumi watasukuma hadi mishipa iwatoke, kumbe kuna jiwe mbele ya tairi.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha wenzangu wa ukanda huu jambo ambalo ni letu. Ule utaratibu wa S tano wa kupanga mahali pa kazi, uliobandikwa leo kwenye kuta za hospitali nyingi nchini, ulianzia Mbeya. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilichaguliwa kuwa ya kwanza kuujaribu, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Wajapani wa JICA, shirika lao la ushirikiano wa maendeleo. Mfano ulioigwa haukutoka Japani moja kwa moja. Ulipitia Sri Lanka, kwenye hospitali ya akina mama ya Castle Street iliyoko Colombo, ambayo ilikuwa na uhaba wa fedha na watu kama sisi na ikaanza kujirekebisha kwa kupanga ilichonacho. Maneno ya Kijapani yakapata Kiswahili chake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Tazama neno la kwanza ni lipi. Sasambua. Toa nje kila kitu, tenganisha kinachotumika na kisichotumika, kisichotumika kiondoke. Linatangulia kupanga, kusafisha, hata kuandika mwongozo. Aliyeupanga utaratibu huo alijua kwamba huwezi kuweka kipya juu ya kilichojaa.

Lakini nimefanya kazi mahali ambapo tulianzia S ya pili. Tulipewa rangi, gundi na karatasi za kubandika. Tukaandika "Mkasi" juu ya mkasi na "Meza" juu ya meza. Nyuma ya wodi chumba kizima kilikuwa kimejaa vitanda vilivyovunjika miguu, mizani mibovu, na makabrasha ya miaka ya nyuma yaliyoliwa na panya. Hakuna aliyethubutu kuvigusa. Ukiuliza sababu utaambiwa ni mali ya serikali, imo kwenye leja, mkaguzi akija ataitafuta. Na hofu hiyo haikuwa ya kijinga: kufuta kifaa cha serikali kuna utaratibu wake, barua, kamati na kibali, na hakuna mtu aliyekuwa amewaonyesha watu wale njia ya kuupita. Kwa nje uliona watumishi wasiotaka kusasambua. Kwa ndani palikuwa na watu wanaoogopa kukatwa mshahara kwa kitanda kibovu. Ilipokuja kuandikwa barua moja tu, na mfawidhi, mkuu wa kituo, akaweka sahihi yake yeye, chumba kile kilikuwa tupu ndani ya mwezi. Leo akina mama wanaosubiri siku zao wanalala humo.

Sasa nirudi kwenye kituo changu cha miteremkoni, kwa sababu mabadiliko yaliyonifunza zaidi yalihusu ufunguo.

Tulikuwa na mfuko wa kumpumulisha mtoto mchanga, ule tunaouita ambu, mpya kabisa, umekaa kwenye kabati la kioo. Sote tulikuwa tumekwenda semina. Sote tulijua dakika ya dhahabu: mtoto akizaliwa halii, umkaushe, umchangamshe, na kabla dakika moja haijaisha awe ameanza kupumulishwa. Vyeti tulikuwa navyo. Lakini kabati lilifungwa, na ufunguo, uliofungwa kwa uzi wa bandeji kwenye kipande cha ubao, ulikaa mfukoni mwa aliyekabidhiwa vifaa, naye alikuwa akilala mjini. Sababu ilikuwa ya haki pia, maana mfuko uliotangulia ulipotea na yeye ndiye aliyeulizwa.

Aliyelisema hilo kwa sauti hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu wetu wa siku nyingi, mama mtu mzima tuliyemwita Bibi, aliyeshika fagio na ndoo katika wodi ile kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Tulikuwa tunakabidhiana zamu, yeye anafuta sakafu, akanyanyuka akashika kiuno.

"Sista," akaniambia, "huo ufunguo unalala mjini, na watoto wanazaliwa huku. Wataonana saa ngapi?"

Kikao kizima kikanyamaza. Tulikuwa tumekaa vikao vingapi kuhusu vifo vya watoto wachanga? Bibi hakuwahi kualikwa hata kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akishika taa umeme ukikatika, ndiye aliyekuwa akikimbia kumwita daktari, ndiye aliyepasha kanga joto karibu na jiko ili mtoto asizaliwe kwenye baridi ile akapoa. Aliona kila kitu, na hakuna fomu iliyokuwa na mstari wa kuandika alichokiona.

Mfuko ukatolewa kabatini siku hiyohiyo. Ukawekwa kwenye trei kando ya kitanda cha kujifungulia, juu ya kitambaa safi, na barakoa zake mbili za saizi tofauti. Aliyeukabidhiwa akaomba kitu kimoja, kwamba kila zamu itie sahihi kuwa imeukuta, ili ukipotea asibebe yeye mzigo wa wote. Tukakubali. Angekataliwa, mfuko ungerudi kabatini ndani ya wiki, na tungesema ni mbishi.

Kuhusu semina nako nina neno. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilifuatilia jambo hili kwa uaminifu mkubwa, na ninawashukuru kwa kulitangaza. Watumishi walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto kupumua. Miezi baadaye walipopimwa kwa mdoli, walikuwa hodari kuliko mwanzo. Walipotazamwa leba, kwa watoto wenyewe, walifanya vilevile kama zamani. Mafunzo yalikuwa yamekaa kichwani, hayakushuka mikononi. Wakabadilisha njia: mdoli ukawekwa palepale leba, na watu wakawa wanajizoeza dakika chache tu mara kwa mara, kila wiki, katikati ya kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Sisi hatukuwa na mdoli wa kisasa. Bibi alishona mmoja kwa kitenge akaujaza pamba, na tukawa tunajizoeza kila Jumatatu baada ya ripoti ya asubuhi, dakika tatu au nne, mmoja akiwa mkunga, mwingine msaidizi. Kumpumulisha haswa hukuweza, kifua hakikuinuka. Lakini mikono ilijifunza mfuko uko wapi, nani anaita msaada, nani anaangalia saa. Bibi naye alipewa nafasi yake, ya kuhesabu sekunde kwa sauti.

Mwanzoni matroni wetu hakuja. Vijana walisema amezeeka. Nilimfuata nyumbani kwake jioni moja, akanipa chai na viazi vya kuchemsha, nikamuuliza kwa adabu kuna nini. Akaniambia, "Mwanangu, nimeona mageuzi manne yakiingia kwa mlango ule. Yote yalikuja na gari jeupe, na gari jeupe likiondoka yanaondoka nalo. Nimewahi kuwahimiza wauguzi wangu usiku na mchana kwa jambo la mradi, mradi ukaisha, nikabaki mimi nikionekana mwongo. Hili lenu lina mwenyewe?"

Nilimwambia halina mradi, halina gari, ni letu. Hakujibu. Jumatatu iliyofuata alikuja dakika tano kabla ya wakati, akasimama mbele, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiita majina.

Nadhani tunawakosea sana watu wa aina yake. Anayeuliza kitu kitadumu vipi anaitwa mpinzani, na anayetikisa kichwa kisha asifanye anaitwa mshiriki mzuri. Hata suala la posho, ambalo hutajwa kwa kunong'ona, ningependa lisemwe waziwazi. Ukimzoesha mtu kwamba kujifunza ni jambo la mjini, hotelini, lenye sahihi na bahasha, umemfundisha pia kwamba kujifunza wodini ni kazi ya bure. Hakuzaliwa hivyo, ni sisi tuliomfundisha. Nauli na chakula vya mtu anayesafiri ni haki yake. Lakini mazoezi ya dakika nne kando ya kitanda hayahitaji bahasha, na sijaona muuguzi aliyeyakataa akishaona mtoto mmoja ameanza kulia mikononi mwake.

Upande wa pili wa milima ya Udzungwa, ukishuka kutoka kwetu kuelekea bonde la Kilombero, iko Ifakara. Hospitali yake ilikuwa moja ya nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya usalama wa upasuaji, pamoja na za London, Toronto, Seattle na kwingineko. Orodha yenyewe ina mambo 19: umthibitishe mgonjwa, uulize kama antibiotiki imetolewa, kila mtu chumbani ajitaje jina na kazi yake. Matokeo yalitolewa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka 2010 jimbo la Ontario, Kanada, likaagiza hospitali zake zitangaze hadharani zinavyotumia orodha ya namna hiyo. Hospitali 101 zilipochunguzwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha tofauti ya maana katika vifo. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Mimi, niliyejaza patografu saa moja baada ya mama kujifungua, sikushangaa hata kidogo. Najua agizo likifika kwa mtu mwenye kazi nyingi linaweza kujibiwa kwa alama ya vema, na alama ya vema inafanana popote.

Tulichofanya baadaye kwenye makaratasi yetu kilikuwa kidogo, lakini ndicho ninachojivunia. Mfawidhi mpya alipofika, tulimwomba jambo moja kabla hajaleta lolote: tuyaweke madaftari yote mezani, na kwa kila moja tuulize nani analisoma. Vitabu vya MTUHA vinasomwa, takwimu zake zinakwenda wilayani kila mwezi, vikabaki. Ripoti ya zamu inasomwa kila asubuhi, ikabaki. Daftari la pili la waliojifungua liligundulika kuwa lilianzishwa na msimamizi aliyehama zamani, kwa jambo lililokwisha. Hakuna aliyekuwa amelifungua zaidi ya sisi tuliokuwa tukiliandika. La mashuka likaenda kwa mhudumu wa dobi, linakomfaa. La dawa likaunganishwa na la ripoti. Kompyuta ikapewa mtu wake mmoja asubuhi, anayenakili kutoka kitabu cha 12, badala ya kila mkunga kuhangaika nayo usiku akisubiri umeme.

Mara tisa zikawa tano. Hakuna fedha iliyotumika.

Sasa inakuja karatasi nyingine. Desemba 2020 WHO ilitoa mwongozo wake mpya wa uangalizi wa uchungu, wa kushika nafasi ya patografu ya zamani. Mama anahesabiwa kuwa kwenye uchungu kamili kuanzia sentimita 5 badala ya 4, ule mstari wa tahadhari niliojifunza kwa mapenzi haumo, na kuna nafasi ya kuandika kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama amekunywa maji, kama maumivu yake yametulizwa. Nimeusoma na nimeupenda. Swali langu kwa atakayeuleta wodini kwangu, awe nani, nitaliuliza nikiwa nimesimama: ukiingia huu, ni karatasi gani inatoka, na inatoka siku gani?

Mwaka jana nilikuwa zamu ya usiku tena, kituo kingine, wilaya nyingine. Mratibu wa afya ya uzazi alipokuja aliokota patografu yangu moja akaitazama kwa muda mrefu. Haikuwa nzuri. Nukta zilikuwa zimepinda, wino umetiwa doa la maji, na kati ya saa nane na saa tisa na nusu usiku hapakuwa na kitu.

"Sista, hapa mbona pako wazi?"

Nikamwonyesha pembeni ya karatasi, pale nilipoandika kwa herufi ndogo: *kitanda cha pili, mama anavuja damu, niko peke yangu.*

Alisoma. Akauliza yule wa kitanda cha pili aliishiaje. Nikamwambia alipona, aliondoka siku ya tatu. Akauliza usiku huwa tunapangwa wangapi. Nikamjibu. Akatoa kalamu, akafungua daftari lake mwenyewe, akaandika.